Gari Likijaa au Saa Ikifika? Namna ya Kupanga Ratiba ya Matoleo ya Programu Huria

Ukitaka kwenda Kendwa kutoka mjini kwa nauli ya wenyeji, unapanda gari la Nungwi, namba 116. Ukimuuliza utingo mnaondoka saa ngapi, atakujibu "sasa hivi", na kwa mahesabu yake hasemi uongo: gari linaondoka likijaa. Unaweza kukaa dakika tano, unaweza kukaa saa nzima, na kila anayepanda na gunia lake la mchele anakupa matumaini mapya. Siku nyingine unakwenda Dar kwa boti. Boti haikungoji. Ukichelewa dakika kumi unaiona kwa macho yako inakata maji, na hata ukiwa na tiketi mkononi, habari ndiyo hiyo. Utapanda ijayo.

Leo nataka tuzungumze kuhusu programu za kompyuta, lakini usiisahau gari na boti, maana mjadala mzima umekaa hapo.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, kwa masharti ya leseni yake. Mara nyingi inatengenezwa na watu waliotawanyika, wengine wanalipwa, wengi wanajitolea. Msimbo unabadilika kila siku. Ila mtumiaji hawezi kufuata mabadiliko ya kila siku, kwa hiyo kila baada ya muda wenye mradi wanasimama, wanachukua hali ya msimbo ya wakati ule, wanaijaribu, wanaipa namba na kuitangaza. Hilo ndilo toleo. Swali ni moja tu: linatoka lini?

Mimi swali hilo niliulizwa ufukweni. Miaka miwili iliyopita mimi na wenzangu watatu tulianza programu ndogo ya simu ya kuweka kumbukumbu za safari za mashua: nani kapanda, kalipa kiasi gani, mafuta yametumika lita ngapi. Kule Kendwa kuna mashua nyingi zinazopeleka wageni kuzamia na kutazama machweo, na manahodha wengi hesabu zao zimo kwenye daftari la mkono. Mmoja wao, mtu mzima wa makamo, aliipenda ile rasimu tuliyomwonesha. Akauliza:

"Sasa hii lini, mwanangu?"

"Ikiwa tayari tu, mzee."

"Tayari ndiyo siku gani?"

Hatukuwa na jibu. Ilikuwa Aprili, mvua ya masika inanyesha, wageni hakuna, na yeye alikuwa na nafasi ya kujifunza kitu kipya. Alinunua hata simu ya pili ya bei nafuu kwa ajili ya baharia wake. Sisi tukaendelea kuongeza mambo: mmoja akataka ramani, mwingine akataka malipo ya simu, mimi nikang'ang'ania lugha tatu. Toleo la kwanza lilitoka Septemba, katikati ya msimu wa wageni, mashua zinatoka mara mbili kwa siku. Nani ana muda wa kujifunza programu wakati huo? Tulipomtembelea, daftari lilikuwa palepale chini ya kiti, limefungwa na mpira. Hakutulaumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi nikarudi kusoma wenzetu walifanyaje. Kumbe aibu yetu ni ya zamani na wakubwa wameipitia.

Debian, mmoja wa mifumo endeshi huria mikongwe, kwa miaka mingi ulikwenda kwa utaratibu wa gari la Nungwi: unatoka ukiwa tayari. Toleo la Woody lilitoka Julai 2002. Lililofuata, Sarge, watu wakalisubiri hadi Juni 2005, karibu miaka mitatu. Kiini cha Linux chenyewe nacho kilikuwa hivyohivyo: 2.4 ilitoka Januari 2001, 2.6 ikatoka Desemba 2003. Katikati hapo kampuni zilizosambaza Linux hazikuweza kungoja, zikawa zinachukua mabadiliko mapya na kuyarudisha kwenye toleo la zamani kila moja kwa namna yake, mpaka "2.4" ya huyu ikawa si "2.4" ya yule.

Ukifikiri sana utaona ni kwa nini gari la aina hii halijai. Unapojua toleo lijalo liko mbali, na hujui mbali kiasi gani, unafanya kila juhudi kipengele chako kiingie sasa. Kila mtu anafanya hivyo. Vinavyoingia kwa pupa vinaleta hitilafu, hitilafu zinachelewesha toleo, na kadiri linavyochelewa watu wanapata muda wa kuleta vipengele vingine. Ni duara. Hakuna mvivu hata mmoja ndani yake. Wote wanafanya kazi usiku na mchana.

Njia ya pili ni ya boti. Tarehe inapangwa kwanza. Kilicho tayari kinapanda, kisicho tayari kinabaki gatini na kungoja safari ijayo. GNOME, mazingira ya picha ya Linux, walianza kutoa toleo kila miezi sita mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ubuntu, ambao jina lake linaeleweka vizuri kwetu watu wa lugha za Kibantu, ulianza Oktoba 2004 kwa utaratibu huohuo: toleo la Aprili na toleo la Oktoba kila mwaka. Namba zenyewe ni tarehe, 4.10 ni mwaka 2004 mwezi wa 10. Kiini cha Linux siku hizi kina mzunguko wa wiki tisa au kumi: wiki mbili za kupokea mabadiliko mapya, kisha lango linafungwa, na kila wiki linatoka toleo la majaribio mpaka wakubaliane kuwa limetulia. Ukikosa lango, hasara yako ni wiki kumi, si miaka mitatu. Hapo pupa inakosa sababu.

Aliyelichunguza jambo hili kitaaluma ni Martin Michlmayr, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kiongozi wa Debian. Katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge, uliokamilika 2007, aliangalia miradi mikubwa ya kujitolea na namna inavyotoa matoleo. Hoja yake naiona ya maana sana: katika mradi wa kujitolea huwezi kumwamrisha mtu. Huna mshahara wa kumkata. Lakini tarehe inayojulikana inawaratibu watu bila bosi, kwa sababu kila mmoja anaweza kupanga kazi yake mwenyewe akiiangalia kalenda ileile. Watu wa Kendwa hawahitaji kufundishwa hili. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mpevu, wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu na kutengeneza vyombo. Hakuna anayeitisha mkutano kuamua. (Usiku huohuo wa mwezi mpevu ndio wageni wanapocheza ngoma ufukweni Kendwa mpaka alfajiri, nao pia hawaitishi mkutano.)

Sasa tuje kwenye kupanga. Swali la kwanza ni urefu wa mzunguko, na hapa watu wengi wanaiga tu miradi mikubwa. Usiige, piga hesabu. Kila toleo lina gharama isiyopungua hata likiwa dogo: kujaribu kwenye simu tofauti, kuandika maelezo ya mabadiliko, kukamilisha tafsiri, kufungasha, kutangaza, kujibu maswali ya wiki ya kwanza. Chukulia mko wanne, kila mmoja anatoa saa 6 kwa wiki. Hizo ni saa 24. Chukulia gharama ya toleo moja ni saa 40. Mkitoa kila wiki nne, mna saa 96, na toleo linakula asilimia 42 ya nguvu zenu zote. Mkitoa kila miezi mitatu, yaani wiki 13, mna saa 312 na toleo linakula asilimia 13. Mkitoa kila miezi sita, saa 624, linakula zaidi kidogo ya asilimia 6.

Mbona basi tusitoe mara moja kwa mwaka, tukaokoa zaidi? Kwa sababu kuna upande wa pili wa mizani. Kipengele kinachokamilika siku yoyote kinasubiri, kwa wastani, nusu ya mzunguko kabla ya kumfikia mtumiaji. Mzunguko wa mwaka maana yake aliyeripoti shida anaweza kungoja miezi sita, na aliyejitolea kuirekebisha haoni matunda ya kazi yake. Mwanafunzi aliyejitolea mwaka wa tatu atakuwa amehitimu na kuondoka. Kikundi chetu tulitulia kwenye miezi sita. Firefox wao wanatoa kila wiki nne, lakini wana wafanyakazi wa kulipwa na mashine zinazojaribu msimbo saa zote. Wewe una wenzako watatu na bando la intaneti linaloisha Alhamisi.

Na kuna jambo ambalo hesabu yangu ya juu haikuligusa kabisa: anayetumia naye ana gharama zake. Mfano mzuri uko hapahapa nyumbani. DHIS2 ni mfumo huria wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na unatumika katika nchi nyingi duniani, ikiwemo Tanzania Bara na Zanzibar; kuna kundi la wataalamu wake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Takwimu za vituo vya afya, chanjo, wajawazito, malaria, zinapita humo. Kwa miaka kadhaa DHIS2 ulitoa matoleo mawili makubwa kwa mwaka, na timu yake inahudumia matoleo matatu ya mwisho. Fanya hesabu: matoleo matatu mara miezi sita ni mwaka mmoja na nusu. Wizara ikisasisha leo, baada ya miezi 18 toleo lake limeshatoka kwenye huduma, halipati tena marekebisho ya usalama. Na kusasisha mfumo wa nchi si kubonyeza kitufe. Unahitaji seva ya majaribio, unahitaji kuhakiki kila ripoti inatoa namba zilezile, unahitaji kufundisha upya watu wa wilayani. Kuanzia toleo la 40, lililotoka mwaka 2023, DHIS2 ukahamia toleo moja kubwa kwa mwaka. Matoleo matatu yakawa miaka mitatu. Hakuna msimbo ulioongezwa hapo, kilichobadilika ni kalenda, na kwa mtu anayelinda seva ya wizara hilo ni jambo kubwa kuliko vipengele kumi vipya.

Ndiyo maana mzunguko wa kutoa na muda wa kuhudumia vipangwe pamoja. Ubuntu walilitatua kwa namna yao: kila baada ya miaka miwili toleo moja la Aprili linapewa huduma ya miaka mitano, anayependa mapya apande kila miezi sita, na mwenye hospitali au shule akae kwenye lile la muda mrefu. Kwa mradi mdogo kama wetu, kuhudumia toleo la sasa na moja lililotangulia kunatosha. Muhimu ni kuliandika hilo mahali mtumiaji analiona kabla hajaanza kulitegemea.

Baada ya urefu, siku. Hapa ndipo napenda sana, maana kalenda ya kwetu haifanani na ya Oslo wala London. Miradi mingi inaangalia Krismasi na likizo za kiangazi cha Ulaya. Sisi tuna Ramadhani, ambayo kila mwaka inawahi kwa siku 11 hivi, kwa sababu miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 au 355. Ubuntu 20.04 ilitoka tarehe 23 Aprili 2020, Ramadhani ikaingia siku moja au mbili baadaye. Toleo la Aprili 2021 na la Aprili 2022 yote yalitoka ndani ya mfungo. Fikiria wewe ni mtafsiri au mjaribu wa kujitolea hapa Unguja: wiki za mwisho za pilikapilika zinakukuta umefunga, na baada ya futari kuna tarawehe. Mwaka 2030 Ramadhani itakuja mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo ukipanga "kila Aprili na Oktoba" usidhani umemaliza. Chukua kalenda ya miaka mitano mbele na uziweke zote mbili sambamba. Wazee wetu walishafanya kazi ya namna hii: pembeni ya kalenda ya mwandamo, mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa Nairuzi wa siku 365, wakaugawa katika miongo ya siku kumi kumi, ili wajue pepo na mvua ziko wapi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi ndio mwanzo wa hesabu hiyo. Ibada ina kalenda yake, bahari ina yake, na mtu mmoja alizishika zote.

Kwa manahodha wa Kendwa, msimu wa wageni ni Julai hadi Oktoba na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Tukachagua Jumanne ya pili ya Mei na Jumanne ya pili ya Novemba: Mei masika inaelekea ukingoni, Novemba ni pumzi fupi kabla ya wageni wa mwisho wa mwaka. Kwa nini Jumanne? Ijumaa ni siku ya sala, kisha inafuata wikiendi, na kama kuna kitu kimevunjika hakuna wa kukirekebisha mpaka Jumatatu. Jumatatu yenyewe kila mtu ana lake. Kama programu yako ni ya ripoti za mwezi, kimbia pia mwisho wa mwezi na wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata. Usimbadilishie karani sura ya fomu siku anayodaiwa ripoti.

Tarehe ikishapatikana, unahesabu kurudi nyuma. Wiki sita kabla, unafunga vipengele: hakuna kipya kinachoingia, ni kurekebisha tu. (Ndiyo, nasi tunakuita kufunga, na utani wa mwezi wa Ramadhani tumeshaumaliza.) Wiki nne kabla, unafunga maneno: hakuna anayeruhusiwa kubadilisha hata herufi ya maandishi yanayoonekana kwenye skrini. Wiki mbili kabla, unatoa toleo la majaribio kwa watumiaji wachache unaowajua, ikiwezekana wenye simu mbovu kuliko yako. Wiki ya mwisho, kila rekebisho lazima lipitiwe na mtu wa pili.

Lile la kufunga maneno watu hulidharau, na ni kwa sababu wengi wanatengeneza programu kwa lugha moja. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalijua. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, kifurushi cha ofisi kwa Kiswahili, kikitegemea OpenOffice.org 1.1.3. Kazi ilikuwa kubwa, walilazimika kwanza kukubaliana istilahi, neno kwa neno. Oktoba 2005 OpenOffice.org 2.0 ikatoka, na sura mpya na maandishi mapya. Mtafsiri anafukuza gari linalotembea. Mradi mama ukiwa na tarehe inayojulikana na kipindi cha maneno kutoguswa, mtafsiri anajua lini akae chini akamilishe. LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, hutoa toleo kubwa kila miezi sita, Februari na Agosti, na mtafsiri wa Kiswahili anaweza kuipanga nusu mwaka yake.

Bado kuna swali linaloulizwa kila ninapoeleza haya: na kama siku imefika na programu ni mbovu? Sheria yetu ni hii, na iliandikwa kabla hatujaihitaji. Kipengele kibovu kinatolewa, hata kama ni cha rafiki yako. Kama ubovu uko kwenye msingi na hauondoleki, tunasogeza wiki moja, na tunasema hivyo angalau siku tano kabla. Tukihitaji zaidi ya wiki mbili, toleo lile tunalifuta na kungoja lijalo. Kusogeza si dhambi. Ubuntu waliwahi kusogeza: toleo lao la kwanza la huduma ndefu lilipangwa Aprili 2006, wakatangaza mapema kwamba wanahitaji wiki sita zaidi kulisafisha, likatoka tarehe 1 Juni na kuitwa 6.06. Namba ikasema ukweli. Kinachoua imani ni "wiki ijayo" inayorudiwa wiki nane.

Pia mtu mmoja awe na dhamana ya toleo, na awe na uwezo wa kusema hapana. Sisi tunapokezana. Mei iliyopita ilikuwa zamu yangu, na kipengele nilichokiondoa siku ya kufunga kilikuwa cha kwangu mwenyewe, zile lugha tatu. Kiitaliano kilikuwa nusu. Kilingoja Novemba.

Tulipotoa la Mei nilirudi Kendwa na gari lilelile la 116, likachukua dakika arubaini kujaa. Nahodha alikuwa anapaka mashua sifa. Nilimwonesha simu, akaiangalia kidogo, hakusema kama ataitumia. Aliuliza kitu kimoja tu: la pili lini? Nikamwambia Jumanne ya pili ya Novemba. Akachukua lile daftari chini ya kiti, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika.